Sita Mbili Zenye Jeraha Moja: Kisa cha Camaro ya Norwood na Injini Yake

Kabla boneti haijafunguliwa nilikuwa nimeshasikia kitu ambacho hakikunikaa vizuri. Gari lilinguruma kwa nguvu, ekzosi zikitetemesha mabati ya banda, lakini tapeti, vile vipande vya kusukuma valvu, zilikuwa kimya. Injini ya Camaro Z/28 ya 1969, gari la Kimarekani la Chevrolet, hainyamazi namna hiyo. Tapeti zake ni za chuma kitupu, nafasi zake hupimwa kwa geji na kurekebishwa kwa mkono, na injini ikishapata moto utadhani cherehani mbili tatu zinashona pamoja ndani yake. Hii ilikuwa inakwenda kwa ulaini wa tapeti za oili, zile zinazojirekebisha zenyewe.

Sikusema neno. Mtu anaweza kubadili kemshafti na tapeti akabaki na bloku ile ile, yaani mwili wa injini, na wengi wamefanya hivyo baada ya kuchoka kurekebisha valvu kila mara. Niliandika daftarini "tapeti kimya", nikaomba gari lizimwe lipoe.

Aliyeniita nimkagulie gari alilotaka kununua ni ndugu yetu mmoja, mtu wa Tanga, dereva wa malori ya masafa marefu hapa Ohio. Mimi naishi Columbus na kazi yangu ni kuchonga bloku na silinda hedi. Ufundi wenyewe niliuanzia mtaa wa Gerezani, Dar es Salaam, kwa hiyo kukagua namba za injini si jambo geni kwangu. Kwetu kadi ya gari inabeba namba ya chesisi na namba ya injini, na ukibadili injini bila kuandikisha umejitafutia safari za ofisini. Marekani hati ya umiliki inabeba namba ya chesisi peke yake. Injini hata ukiibadili mara tano, karatasi haina habari. Ndiyo maana mnunuzi wa gari la zamani huku hana budi kukisoma chuma chenyewe.

Muuzaji alikuwa mzee wa kijijini kusini mwa jimbo, mwenye banda safi kuliko jikoni za watu wengi. Alisema namba zote zinaendana: injini, giaboksi na gari ni vya siku moja tangu kiwandani. Bei aliyotaja ilikuwa ya gari la namna hiyo. Ndugu yangu alikuwa na fedha za miaka minane ya kulala kwenye lori. Kwa magari haya, Z/28 yenye injini yake na ile iliyopoteza injini yake hutofautiana kwa maelfu mengi ya dola, hata zikisimama pamoja ziking'aa sawasawa.

Kwa nini Z/28 hasa inachezewa? Chevrolet waliitengeneza ili wapate kushindana katika mbio za Trans-Am, ambako injini haikuruhusiwa kuzidi inchi za ujazo 305. Wakachukua silinda yenye upana wa inchi 4 kama ya injini yao ya 327, wakaweka krenki yenye mwendo wa inchi 3 kama ya 283, wakapata 302. Karatasi za kampuni ziliandika nguvu za farasi 290. Kwa mwaka wa modeli 1969 zilitoka Z/28 20,302. Lakini Z/28 haikuwa gari la aina yake kwenye vitabu vya kampuni, ilikuwa oda ya nyongeza juu ya Camaro ya kawaida. Namba ya chesisi inaanza na 12437, maana yake Chevrolet, Camaro ya V8 (injini ya silinda nane), milango miwili, basi. Haikwambii kama ndani mlikuwa na 302 au V8 nyingine yoyote. Na injini ya 350, ambayo Chevrolet waliimwaga sokoni kwa mamilioni, ina upana ule ule wa silinda wa inchi 4. Kwa nje ni pacha. Ukiivika mfereji wa hewa wa alumini na kabureta ya Holley, halafu ukaipaka rangi ya machungwa ya Chevrolet, jicho peke yake haliwezi kukusaidia.

Nilianza na gari, si injini. Nimeona watu wakikimbilia namba ya injini, wakaikuta inafanana na ya dashibodi, wakatoa fedha, kumbe kibati cha dashibodi ndicho kilichohamishwa. Kibati hiki kilikuwa kimeshikwa na ribiti zake zenye umbo la ua, hazikuguswa. Kisha kuna namba mbili za siri: kiwanda kiligonga tarakimu za mwisho za chesisi kwenye ukuta wa chuma nyuma ya injini, chini ya boksi la hita, na tena chini ya bati la matundu ya hewa mbele ya kioo. Tuliondoa bati lile. Zilikuwepo, zikiwa na kutu ya umri wake, na zilisomeka sawa na dashibodi. Mwili ni wake.

Kibati kingine kidogo kwenye ukuta ule ule kilisema NOR, yaani Norwood, kiwanda kilichokuwa ndani ya eneo la Cincinnati hadi kilipofungwa 1987. Kilisema 06B: wiki ya pili ya mwezi wa sita. Na kilisema X33. Kwa Camaro za Norwood za wakati huo, X33 ni Z/28 yenye mapambo ya ziada ya nje. Nilimgeukia ndugu yangu nikamwambia kwa Kiswahili kwamba gari lenyewe ni la kweli. Alifumba macho kidogo. Nadhani pale ndipo alipoanza kulipenda, na mimi nilijutia haraka yangu ya kusema.

Tukaenda kwenye injini. Namba ya V8 za Chevrolet hugongwa kwenye kijisehemu bapa, ukubwa wa vidole viwili, mbele ya silinda hedi ya upande wa abiria. Mafundi wa huku wanakiita pedi. Kwenye Camaro ya 1969 alternata inakiziba, kwa hiyo tulilegeza boliti zake tukaisogeza, nikapangusa kwa kitambaa na mafuta ya taa. Situmii msasa wala brashi ya waya hapo, na yeyote anayekuja na msasa kwenye pedi ya gari unalotaka kununua mwombe aondoke. Ushahidi wote uko kwenye ngozi ya chuma.

Pedi ilisomeka V0601DZ, na chini yake 19N6 na tarakimu nyingine tano ambazo sitaziandika hapa.

V ni Flint, Michigan, injini ilikounganishwa. 0601 ni tarehe mosi Juni. DZ ni herufi za 302 ya Z/28 ya mwaka huo. Mstari wa pili ni wa gari: 1 ni Chevrolet, 9 ni mwaka, N ni Norwood, na zinazobaki ni zile zile za mwisho za dashibodi. Zililingana zote. Injini ya mosi Juni ndani ya gari la wiki ya pili ya Juni, hakuna upangaji mzuri zaidi ya huo. Mzee alikuwa amesimama nyuma yangu, akasema, "Unaona?"

Niliona. Na kwa kuwa niliona kila kitu kimekaa sawa, nilitoa simu nikatazama kalenda ya 1969. Mosi Juni ilikuwa Jumapili. Viwanda vile vilipozidiwa na oda vilifanya kazi hata siku za mapumziko, kwa hiyo Jumapili haimfungi mtu. Lakini anayegonga namba ya uongo nyumbani kwake huchagua tarehe inayompendeza, na mara nyingi hakumbuki kwamba tarehe ina siku yake ya wiki. Nikaandika "Jumapili" chini ya "tapeti kimya".

Kisha nikawasha tochi nikaishusha ikae sambamba na pedi, mwanga ukaparaza juu ya chuma. Bloku ilipokuwa inasawazishwa kiwandani, meno ya mashine yalipita kwa mkupuo mmoja kutoka upande mmoja hadi mwingine na kuacha mistari myembamba iliyonyooka kwa urefu wa bloku, kama mistari ya santuri ya zamani. Mistari hiyo haitengenezeki kirahisi tena. Bloku ikiskimiwa, yaani uso wake ukisawazishwa upya, mahali kama ninapofanyia kazi mimi, inaondoka, inabaki mikwaruzo ya duara ya jiwe au kisu cha mashine. Hapa hapakuwa na hii wala ile. Kulikuwa na mistari iliyonyooka, ndiyo, lakini mingine ilikuwa mizito na mingine haionekani, na pembeni ilikatika kabla ya kufika ukingoni. Hiyo ni kazi ya mkono, msasa ukiwa umezungushiwa kipande cha mbao.

Hata hivyo, nilijizuia. Bloku ya asili inaweza kuskimiwa kwenye ovahoo ya haki, namba zikafutika, na mwenye gari akazigonga upya ili asipoteze kumbukumbu. Mimi sikubaliani na jambo hilo, maana namba iliyogongwa upya haishuhudii kitu tena hata kama bloku ni ile ile, lakini si sawa na kuleta bloku ya kigeni na kuibatiza. Swali ambalo ndugu yangu alikuwa analipia lilikuwa: je, chuma hiki kiliondoka Norwood ndani ya gari hili? Mikwaruzo ya msasa haikulijibu.

Kilichonishtua ni tarakimu ya sita. Iko mara mbili kwenye pedi ile: moja katika 0601, nyingine katika 19N6. Chini ya kioo cha kukuzia, sita ya juu ilikuwa na pengo dogo kwenye mkia wake, mahali ambapo chuma cha muhuri kilikuwa kimemeguka, kama jino lililokatika kona. Nilihamia sita ya chini. Pengo lile lile, mahali pale pale. Mstari wa juu uligongwa Flint, injini ilipounganishwa. Mstari wa chini uligongwa Norwood, injini ilipokutana na gari. Ni miji miwili, majimbo mawili, mikono miwili na mihuri miwili. Haiwezekani jeraha moja likasafiri kutoka Michigan hadi Ohio. Sita zote mbili zilitoka kwenye muhuri mmoja, na muhuri ule ulikuwa wa mtu mmoja.

Nilimwonyesha ndugu yangu kwanza. Alitazama muda mrefu, kisha akasema, "Fundi, kwa hiyo ni uongo?" Nikamwambia maandishi ni uongo, bloku bado sijaiuliza.

Bloku ina maandishi ya aina mbili. Yanayogongwa baadaye huzama ndani ya chuma. Yale ya kalibu, chuma kilipomiminwa kikiwa uji wa moto, huinuka juu. Kuzamisha namba mpya ni kazi ya nyundo na dakika chache, kuinua namba mpya ni shughuli nyingine kabisa. Kwenye injini hizi ndogo za V8, maandishi yaliyoinuka yako nyuma kabisa, kwenye ukingo unaoshikana na giaboksi: namba ya kalibu upande wa dereva, tarehe ya kumiminwa upande wa abiria. Injini ikiwa ndani ya gari, sehemu hiyo imebanana na ukuta, chini ya distributa, imejaa greisi na tabaka za rangi. Mwenye haraka haendi huko.

Namba ya kalibu niliisoma kwa kioo cha mkononi: 3970010. Ndiyo iliyotumika kwenye 302 za mwisho za 1969. Mzee alifurahi kuisikia na mimi nilimweleza ukweli wake wote: kalibu hiyo hiyo ilimimina bloku za 350 miaka kama kumi iliyofuata. Inaruhusu, haithibitishi.

Tarehe ilinichukua karibu saa nzima. Mkono wangu hauingii pale. Nilinyunyizia dawa ya kuyeyusha greisi, nikakwangua rangi kwa kijiti cha mbao, nikapangusa, nikarudia. Kioo kilinionyesha vivimbe vitatu vilivyokaa kinyumenyume na nusu yake kivulini. Herufi, nafasi, tarakimu, nafasi, tarakimu. Ya mwisho ilikuwa ama 8 ama 9, na kati ya 8 na 9 kulikuwa na mwaka mzima. Nilikuwa nimebeba udongo wa plastiki wa kuchezea watoto, ule wa rangi. Niliubandika kwenye ncha ya bisibisi ndefu, nikaukandamiza juu ya maandishi nikihesabu hadi kumi, nikautoa taratibu kama mtu anayetoa yai chini ya kuku. Tukauweka juu ya benchi chini ya taa, sote watatu tumeinama.

K 6 9.

Chevrolet waliandika miezi kwa herufi kuanzia A ya Januari, kwa hiyo K ni Novemba. Tarehe sita Novemba, mwaka unaoishia na 9. Mwaka wameuandika kwa tarakimu moja tu, na kwa kuwa 3970010 ilikaa kiwandani muda mrefu, 9 ile inaweza kuwa 1969 au 1979. Katika kesi nyingine ningeumiza kichwa hapo. Katika kesi hii haikuwa na haja. Gari lilipita Norwood Juni 1969. Ukichukua mwaka wa karibu, bloku ilimiminwa miezi mitano baada ya gari kuondoka kiwandani. Ukichukua wa mbali, ni miaka kumi na ushei. Pedi mbele inasema injini iliunganishwa mosi Juni, na mgongo wa bloku hiyo hiyo unasema siku hiyo chuma chake kilikuwa hakijamiminwa.

Tulifanya kipimo kimoja zaidi, kwa sababu mzee aliomba na alistahili. Nilichomoa plagi ya silinda ya kwanza, nikaingiza kijiti laini cha plastiki kikagusa pistoni, tukazungusha injini kwa mkono kutoka chini hadi juu huku nikitia alama. Krenki ya 302 inaisogeza pistoni inchi 3, karibu milimita 76. Ya 350 inaisogeza inchi 3.48, zaidi kidogo ya milimita 88. Tundu la plagi limelala, kwa hiyo kipimo hiki si cha sonara, lakini tofauti ya milimita 12 haijifichi. Mara tatu tulipata kati ya 86 na 89. Ndani mlikuwa na 350, yenye tapeti za oili zilizonyamaza tangu asubuhi. Kipimo hiki peke yake kisingetosha, maana mtu anaweza kutia krenki ya 350 kwenye bloku halisi ya 302. Iliyoikataa bloku ni ile K.

Niliingia chini ya gari kumalizia. Giaboksi ni Muncie ya gia nne, imegongwa P9E27B: P ya Muncie, 9 ya mwaka, E ya Mei, tarehe 27, na B ya mpangilio wa gia za karibu. Pembeni mwake namba ya gari, na hii ilikuwa na sura nyingine kabisa: tarakimu zimegongwa kwa pamoja, sita yake haina pengo, kutu na uchafu vimelala ndani ya kila mkunjo. Giaboksi haikuwahi kuachana na gari lake. Anayetazama pedi ya mbele na giaboksi hii kwa tochi moja hahitaji kueleweshwa.

Mzee alikaa kwenye kiti chake cha kukunja. Alikuwa amelinunua miaka mingi iliyopita kwa mtu aliyemwambia maneno yale yale aliyotuambia sisi, naye aliyalipia. Sikuona dalili kwamba alijua. Aliomba kioo na tochi, akainama mwenyewe juu ya injini na mgongo wake mbovu, akataka kuiona K kwa macho yake. Nilimshikia taa.

Siku ile hakukuwa na biashara. Ndugu yangu alitaja bei ya Z/28 ya kweli yenye giaboksi yake na injini isiyo yake, mzee akakataa, tukapeana mikono tukaondoka. Njiani kurudi Columbus tulinyamaza zaidi ya tulivyozungumza. Baada ya majuma mawili mzee akapiga simu, akashuka, ndugu yangu akapanda kidogo.

Kilichobaki kilikuwa maandishi yale ya uongo. Ndugu yangu alitaka niyasage. Mimi nilikataa na bado nakataa: ukiyasaga umefuta alama za kilichotendeka, na kesho mwingine atagonga tena juu ya chuma safi. Ukiyaacha bila karatasi, umemtegea mtu wa tatu. Kwa hiyo tulipiga picha ya pedi, ya sita zote mbili chini ya kioo, ya udongo wenye K 6 9, na ya giaboksi, tukaziambatanisha na hati ya mauziano. Humo tuliandika pia namba kamili ambayo bloku ya asili inapaswa kuwa nayo, maana huenda bado iko mahali, chini ya turubai la mtu, na ndugu yangu ameshaanza kuitafuta. Hati ilikuwa na mstari ulioandikwa "injini". Nilikuwa nimeuacha wazi nikidhani tutajadiliana maneno. Mzee akachukua kalamu akaujaza mwenyewe, kwa herufi kubwa za polepole: si ya gari hili.